Kifundo cha Tatu

Walukuba, nyuma ya duka la simu,
umeme umerudi saa tano usiku na mimi nimerudi nao,
chuma cha kulehemu kikinuka nta na nywele.

Chipu yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.
Nimeilisha mbao ishirini na moja:
embaire ya akina Tenywa, kila ubao pigo moja,
tuliyoirekodi kwa simu kule Namutumba
siku mbwa walipokubali kunyamaza.
Pigo, nusu sekunde, kisha kimya.
Sampuli. Neno kavu
kwa kitu chenye unyevu hivyo.

Juu ya boksi la biskuti nimetoboa matundu matatu,
vifundo vitatu nimevichopoa kwenye amplifaya iliyoungua.
Cha kwanza ni mwendo:
kizungushe kushoto, ubao unazeeka,
unaburuta sauti kama gunia la mchele sakafuni;
kulia, unakuwa kengele ya baiskeli.
Cha pili ni mahali pa kuanzia:
mwanzo kabisa, fimbo inagonga;
sogeza kidogo, fimbo imekwisha pita,
umebaki mti ukijisemea.

Lakini mkono wangu ukitulia, namba hazitulii.
Mia tano kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi. Kumi na tatu.
Sijagusa kitu! Na sauti inatetemeka
kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani.
Nikaweka kapasita. Nikaifundisha chipu
isiamini namba moja, ikusanye kumi na sita, igawanye,
ndipo iseme.
Laiti majirani nao wangefundishika hivyo.

Jumamosi akaja Tenywa mwenyewe,
mafuta ya mashine ya kusaga kwenye kucha,
mpigaji wa mbao nene za mwisho.
Akasikiliza akiwa wima, kofia mkononi.
"Mkono ni wangu," akasema. "Shimo liko wapi?"

Shimo.
Nilikuwa nimesahau kwamba embaire hulazwa juu ya shimo,
kwamba nusu ya sauti ni ardhi.
Nikaanza kutafuta kwenye programu: mwangwi, besi,
mistari arobaini ya kuigiza udongo.
Yeye akaazima jembe la Kagoya.
Kando ya kamba ya kuanikia nguo akachimba hadi gotini,
tukateremsha spika kwa waya wake kama ndoo kisimani,
tukalaza vigogo viwili vya mgomba pembeni,
bila ubao hata mmoja juu yake.

Nikabonyeza.
Sufuria za Kagoya zikaitikia jikoni.

Basi Tenywa akachuchumaa, boksi mapajani,
akavishika kwa ncha za vidole
kama anayepima homa ya ndama.
Mwendo, kidogo. Mwanzo, kidogo sana.
Kisha cha tatu: akafumba macho,
akakisukuma robo, akakirudisha nusu ya robo.
"Hapo," akasema. "Hapo! Hiki usikiguse tena.
Hiki ndicho kitamu."

Cha tatu sijakiunganisha na kitu.
Miguu yake mitatu inaning'inia ndani ya boksi,
haina waya.

Nikachukua kalamu ya wino mzito,
nikatia alama pale alipokiacha.