Ijumaa Hawafungui

Kalenda ya duka la vitambaa, Makoroboi,
mama hakuibandua miaka thelathini:
jumba jeupe,
kaburi la mke aliyependwa.

Rufaa ya moyo ikampeleka Delhi.
Mshono ungali mbichi, akakodi gari.
Saa nne za ng'ombe na honi,
mimi nimepakata mfuko wa dawa,
yeye anahesabu vibao vya barabarani
asivyoweza kusoma.

Mlinzi akatikisa kichwa:
Ijumaa hatufungui.
Mama akacheka, mkono juu ya kifua.

Sasa yuko uani Igogo, anachambua dagaa.
Nyuma yake mawe yamebebana mlimani,
hakuna aliyeyajenga.
Anawasimulia majirani lango tu.

“Na ndani je, Mama Nshoma?”

“Ndani kuna mtu kalala.
Nimwamshe ya nini?”