Risiti ya Kokoto

Kibanda changu kipo Gerezani, nyuma ya wauza betri.
Miaka sita Kokoto walikuwa wateja wangu wa Jumatatu:
Jumamosi wanapiga Tabata, Jumapili wanalala,
Jumatatu Mkude anaingia na amplifaya mgongoni
kama mtu aliyebeba mgonjwa,
inanuka waya ulioungua.
"Fundi, imekata tena."
Haikukata. Mmeikata.
Mnazungusha voliumu mpaka inagota, halafu mnaisukuma.
Nafungua mfuniko, nakuta transista imepasuka kama bisi.

Spika zao nilizishona kwa gundi na karatasi ya mfuko wa saruji.
Mkude alidai saruji inaongeza ukali.
Labda. Nilikwenda kuwasikia mara moja tu,
nikasimama upande wa wachoma mishkaki.
Lusekelo akavuta pumzi,
pumzi ile ikasikika mpaka barabarani,
kisha akaachia,
na bati la baa likatetemeka, bilauri zikatembea zenyewe mezani.
Tekla alipiga ngoma kama mtu anayedai kodi.
Mjumbe alikuja na barua ya malalamiko.
Wakaisoma kwenye kipaza sauti. Ikawa wimbo.

Sikuupenda muziki ule, niseme kweli.
Mimi mtu wa rumba, wa gitaa linalobembeleza.
Ila vidonda vyake nilivifunga mimi.

Halafu ikapita Jumatatu, ikapita nyingine.
Nikasema wamepata fundi wa bei poa.
Kumbe wamepata Mikocheni:
chumba chenye zulia ukutani, kiyoyozi,
kijana wa kompyuta anayeinyoosha sauti
kama dobi anavyonyoosha kola.
Ngoma za Tekla zimo ndani ya kidude kama kipande cha sabuni.
Gitaa la Mkude limekaa mbali, linadondoka tone, tone,
bomba siku ya mgao.
Na jina, meneja kalikata. Kokoto lina ncha, kasema,
linamkwaruza msikilizaji.
Siku hizi wanaitwa Koko.

Wimbo wao nilikutana nao ndani ya redio ya mteja.
Nimemaliza kuunga waya, nawasha nijaribu,
ukatoka, mtamu, umepakwa mafuta,
nikaanza kutikisa kichwa kabla sijajua ni wao.
Kilichomuuza Lusekelo ni ile "s" yake
inayopenya kwenye pengo la jino.
Pengo limebaki. Pumzi hakuna.
Anaimba dakika tatu na nusu asivute hewa hata mara moja,
kama mtu aliye chini ya maji,
au asiyeihitaji tena.

Binti yangu anaujua wote, na madaha yake.
Muuza vitumbua anaujua.
Ule wa barua waliujua nani? Watu sitini, na mjumbe.

Juzi Lusekelo alikuja. Peke yake, viatu vyeupe, akiruka madimbwi.
Akahesabu elfu themanini na tano,
deni ambalo mimi nilishalizika.
"Mama yake Tekla anasafishwa figo sasa, mara tatu kwa wiki,"
akasema, wala sikuuliza,
kama mtu aliyesimama kizimbani.
Nikamwambia ni vizuri.
Ni vizuri.

Kisha akaiona chini ya rafu, ile kubwa ya Mkude.
"Inawaka?"
Ikawaka. Hakuna gitaa, hakuna kipaza sauti,
ni mlio wake tu, ule mzito wa tumboni,
mmmmm,
ambao miaka sita nilihangaika kuuondoa
nikashindwa.
Akaketi juu ya ndoo, viatu vyeupe na vumbi la risasi.
"Hiki ndicho kitu cha kwanza walichokifuta," akasema.

Sikumjibu. Nilikuwa natafuta kitabu cha risiti.
Nikaandika: Kokoto. Nikasita. Sikufuta.
Imelipwa yote.
Akaikunja mara nne, akaondoka,
na mimi nikasahau kuizima
mpaka jirani wa betri akagonga ukuta.