Koni Nyeusi

Asubuhi ile baada ya dhoruba, kisiwani Barra,
Ruaraidh aliokota kitu ndani ya mwani:
koni nyeusi ya plastiki, ya kutosha kiganja,
meno yake yote yameelekea ndani.

Tukakiweka mezani, kati ya chai na glavu zilizolowa.
Barakoa ya mbwa, alisema Fearchar.
Peigi akakigeuza, akakinusa,
akaapa ni chujio la mashine ya kukamulia ng'ombe.
Mimi nilisema ni taji. Nilikuwa na miaka tisa.

Verna hakusema neno. Alivua pete,
akatia kidole; kikapita
laini, kama mtu aliyekaribishwa.
Akavuta. Meno yakamng'ang'ania.

"Mlango wa mgono," akasema.
"Wa mikunga wa ute. Kaka zangu walitega mamia kule kwetu, Nyufaundlandi.
Anaingia kwa harufu ya chambo. Basi."

Bahari nzima kimeivuka, kikiwa kitupu.

Yeye alikuja kuosha vyombo hoteli ya bandarini,
kiangazi kimoja tu,
mwaka niliozaliwa.

Nikakimbilia sabuni.
"Ngoja kwanza," akasema,
kidole bado kimo ndani.