Mizani ya Chumba cha Kumi na Mbili

Taavo amelala chali chini ya meza,
tochi mdomoni, waya mwekundu mkononi.
Anaifundisha mizani kusema.
Nje, Tartu imeganda.

Miaka thelathini na mmoja Bi Helve aliinama hapa,
jicho moja kalifumba, akiusoma mshale,
akiandika kwa penseli, kwa kuwa asidi hula wino.

Sasa tarakimu zapita zenyewe
toka sahani ya shaba hadi skrini;
na tanuri, na pampu, na kipimajoto cha dirishani,
vyote vimeunganishwa,
vyote vinaropoka usiku kucha.

Asubuhi grafu ina kigugumizi:
saa kumi na mbili na dakika arobaini, kila siku,
uzito unaruka
ilhali kwenye sahani hamna kitu.
Taavo akabadili waya. Akabadili kadi.
Akamtukana fundi, ambaye ni yeye.

Helve alikuja kuchukua kikombe chake tu.
"Lori la mikate," alisema. "Hupita hapo uani.
Mimi huacha lipite, ndipo nisome."

Kumbe! Madaftari arobaini,
na pembeni mwa kila ukurasa nukta ndogo
Taavo alizodhani ni uchafu wa penseli.

Akaketi. Akaongeza mstari mmoja kwenye programu,
akaupa jina kwa lugha yao: oota.
Subiri.

Kesho yake lori likapita, mizani kimya.
Kisha ikasema:
gramu sufuri, nukta, sufuri sufuri tatu.

"Vumbi hilo," alisema Helve,
akaipuliza sahani.