Nafasi ya Pumzi

Jotham Mudaki amepanda ngazi na flashi mfukoni,
Alhamisi jioni, Mbale, stima imerudi sasa hivi
na jenereta ya kinyozi bado inanguruma chini yetu.
Nakala mia mbili, anasema. Kurasa nane. Jumamosi tunazika.
Halafu: dada yangu usimtie sandukuni mara mbili.

Nimemwelewa. Kompyuta hii hupenda masanduku.
Picha yoyote uipayo huizungushia ua wa pembe nne,
maneno yakifika uani yanasimama
kama wageni walioambiwa mbwa hajafungwa.

Basi nautafuta ukingo wake mwenyewe.
Nukta, nukta, kipanya kikiteleza juu ya kalenda kuukuu ya majani chai,
napanda kilemba, nashuka sikioni, nakwepa hereni,
Rasoa Kageha, harusini kwa watu, mwaka wa themanini na saba,
mkono kiunoni kama anayesubiri chenji yake.

Kisha nayaachia maneno yashuke:

alizaliwa Chavakali, mtoto wa nne wa mzee Enosi,
akasoma hadi darasa la saba, akafunzwa
cherehani, akashona sare
za shule tatu, akalea
wa kwake
na wasio wa kwake,
akaimba sauti ya pili kanisani
miaka thelathini bila kukosa mazoezi hata
mvua ilipokata daraja, hakuwahi kulala na

na hapo neno moja linaponyoka,
linaruka mkono, linatua peke yake
katika ule upenyo wa pembe tatu, kati ya kiwiko na kiuno:
*deni*.
Amelikumbatia kwapani kama kibeti.

Jotham anacheka, nadhani mara ya kwanza tangu Jumapili.
Litoe, anasema. Alikuwa nalo, lakini litoe.

Naliziba pengo. Sasa bega.
Begani pana vidole vinne
vya mtu aliyekatwa kwa mkasi zamani,
kabla picha haijaonja mashine yoyote.
Huyo hayumo kwenye wasifu, anasema Jotham,
na safari hii hacheki. Mfute.

Nafuta kucha. Nafuta pete, kama ilikuwa pete.
Nachota rangi ya kitambaa hapa, naipaka pale,
lakini lile bega la gauni, la puto, limebonyea,
na kubonyea sijapata ufutio wake.

Nukta za ukingo sikuzigusa.
Mkono umeondoka, ukingo wake upo,
na mistari minne ya wasifu ikifika begani
inajikunja, inampisha mtu.

Nachapa ya mfano. Jotham anaisogeza kwenye taa.
Hapa mbona pameachwa peupe?
Nafasi ya pumzi, namwambia. Herufi zikibanana hazisomeki.

Ananitazama kidogo kuliko nilivyoogopa.
Anaomba kalamu,
anaibana karatasi mezani kwa kidole gumba, palepale,
anatia sahihi.