Sini ya Kumi na Nne

Niliandika mvua.
Lugembe, mwenye fedha, akapiga hesabu
kwenye karatasi ya maandazi, pale Kirumba:
gari la maji, pampu, dizeli.
"Mvua yako inakula posho ya siku mbili."

Niliandika mama mfiwa, maneno arobaini.
Minza, mwongozaji, akayafuta yote
akabakiza mkono unaopara sato.
Nikanuna hadi Igogo.

Siku ya kupiga picha
wadudu wa ziwani wakapanda kama moshi,
wakamwingia mama kinywani. Akatema.
Akacheka, palepale penye msiba,
kisu mkononi.

Minza hakusema "kata".
Lugembe akaninong'oneza: "Hiyo bure kabisa."

Usiku nikakiingiza kile kicheko kwenye muswada,
kwa kalamu ileile,
kana kwamba nilikuwa nimekiwaza.