Ukoo: Mamba

Kaburini, Walukuba, jina lake ni Mastura.
Katika daftari la padri ni Eferazia, miaka sita kwa makisio.
La kwanza, alilopewa kisiwani, ni Nalwoga.
Nimelipata juzi. Ulimi wangu bado unalibishia hodi.

Mwaka ule wa malale walihamishwa Ssese yote,
kwa amri, kwa mihuri, kwa kuwaogopa mbung'o.
Alifika bara na upele, na kibuyu kisicho na kifuniko,
na dada mmoja, aliyezikwa Bukakata kabla ya mvua.

Karani wa gatini alikuwa mtu wa pwani:
mwandiko safi, Kiganda cha kuokoteza.
Ukoo? Mtoto akajibu, Mmamba.
Akaandika Mamba. Na pembeni, maana alikuwa mwangalifu,
"yaani yule wa mtoni, mwenye meno."

Meno hayo yamenila miaka miwili.
Masaka, Kalangala, nimewauliza watu wa mamba,
nimenywa chai zao, nimelala sebuleni mwao.
Hatujapotelewa na binti, walisema.
Wetu wote tumewazika wenyewe.

Kisha mama, akichambua mchele, akiwaza mengine:
Bibi yako bwana, kamongo alikuwa hamli.
Wake wa askari wakimkaanga pale laini
yeye hutoka, husimama barabarani
hata harufu iishe.
Kwa nini?
Hakujua. Alisema tumbo langu halimtaki, basi.

Kisiwa alikuwa amekisahau. Lugha, pia.
Sura ya mama yake aliitafuta hadi uzeeni
katika nyuso za wanawake wa sokoni.
Ila samaki huyo
hakumtia kinywani hadi anakufa.

Kamongo. Kwa Kiganda, mmamba.
Nilicheka peke yangu kwenye meza ya nyaraka, Entebe,
mpaka mtunza kumbukumbu akanitazama juu ya miwani,
na ndipo nikagundua silii kwa kicheko tu.

Bugala, palipokuwa kwao pana michikichi,
safu kwa safu, mali ya kampuni.
Ukingoni mwake, mwanamke wa rika langu, Nabatanzi,
aliniuliza swali la karani.
Nikajibu. Akanisahihisha: funga midomo kwanza,
ishike ile m, usiikimbie.
Nikarudia. Akanisahihisha tena.

Kisha akasogea, akanipa nusu ya mkeka.
Leo kuna sangara, akasema.
Sangara tunakula.